Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Afisa Uhusiano Roketi Inaporuka

Barua za safari hii nyingi zimeuliza kuhusu anga za juu, lakini si kuhusu injini wala mafuta. Zimeuliza ni nani anayewafanya watu watazame juu, na kwa njia gani. Tumechagua saba. Majibu yameandikwa na jopo letu la watu wa mawasiliano na wahandisi.

Chuo chetu kitarusha setelaiti ndogo mwakani, ikiwa abiria ndani ya roketi ya kampuni ya nje. Mimi ndiye afisa uhusiano, na wakubwa wanataka "nchi nzima isimame" siku hiyo. Nianzie wapi?
*Afisa uhusiano, Nairobi*

Anza na saa, kabla hujaandika hata neno moja la sifa. Warusha roketi hutangaza muda kwa UTC (saa ya kimataifa) au kwa saa za mahali roketi ilipo, na hapo ndipo mialiko mingi huharibika. Setelaiti ya Kenya, Taifa-1, iliruka kutoka Vandenberg, California, saa 06:48 UTC tarehe 15 Aprili 2023. Ongeza saa tatu, unapata 09:48 ya Afrika Mashariki, yaani saa 3:48 asubuhi, Jumamosi. Kule California ilikuwa bado Ijumaa tarehe 14, dakika 12 kabla ya saa sita usiku. Ukiandika "9:48" peke yake kwenye bango, kuna mtu Kisumu atakayewasha televisheni saa tisa alasiri, na kuna mhariri atakayenakili tarehe 14 kutoka tovuti ya Marekani. Weka zote mstari mmoja: Jumamosi tarehe 15, saa 3:48 asubuhi (09:48).

Pili, usialike mtu kwa siku moja. Alika kwa "fursa ya kwanza" na "fursa ya akiba", na useme hivyo tangu barua ya kwanza. Safari ya Taifa-1 iliahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa, na hilo ni jambo la kawaida kabisa: upepo mkali wa juu peke yake unatosha kusimamisha kuhesabu. Waziri aliyeambiwa mapema kwamba kuahirishwa kunatarajiwa hurudi siku ya pili. Aliyeahidiwa tamasha hutuma msaidizi.

Tatu, na hapa ndipo wengi huanguka: waeleze watu kwamba matukio ni matatu, wala si moja. Kuna kurushwa, kuna kuachiliwa, na kuna kusikika. Kurushwa ndiko kwenye moto na moshi, lakini hapo setelaiti yenu ni mzigo tu. Kuachiliwa huweza kuchukua saa moja au zaidi baada ya roketi kuondoka. Na kwa kuwa mko pamoja na abiria makumi, mtangazaji wa kampuni huenda akalitaja jina lenu kwa sekunde mbili, au asilitaje kabisa akataja kampuni yenye kisanduku mlichofungiwa. Wekeni mtangazaji wenu wa Kiswahili ukumbini, mwenye orodha ya mfuatano mkononi, aseme: "Sasa hivi ndiyo yetu inatoka."

Kusikika ndiko kugumu. Setelaiti iliyo kilomita 500 juu huzunguka dunia kwa dakika 95 hivi, kwa hiyo hupita juu ya kituo chenu mara chache tu kwa siku, na kila mara ni dakika kumi hivi au pungufu. Siku za mwanzo rada huona kundi la vitu makumi vilivyotoka pamoja na haijui kipi ni cha nani, kwa hiyo antena yenu huenda ikaelekezwa pasipo. Antena ya setelaiti yenyewe mara nyingi ni utepe wa chuma kama wa futi ya seremala, umekunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni unaotakiwa kuchomwa na waya wa moto. Uzi usipokatika, hamsikii kitu. Ukimya wa siku mbili tatu basi si msiba. Lakini ukiueleza baada ya kutokea unasikika kama udhuru, ukiueleza wiki moja kabla, watu wanausubiri pamoja nanyi na kuuliza "imeshasikika?" Swali hilo kwenye daladala ndiyo hamasa unayoitafuta, na hulipati kwa fataki.

Vitu vya mkononi sasa. Setelaiti ya vyumba vitatu, yaani michemraba mitatu iliyopangwa mfululizo, ni sentimita 10 kwa 10 kwa 30. Mpe seremala atengeneze kumi za mbao, ukubwa uleule, na kila moja uipe uzito wa kilo nne hivi, sawa na pakiti mbili za unga za kilo mbili. Zipeleke kwenye shule na studio za redio. Mtu akishaishika haulizi tena "kwani ni kubwa kiasi gani?", anauliza inafanya nini. Kwa vyombo vya habari andaa ukurasa mmoja wa tarakimu, picha tano kubwa, video ya simu iliyosimama wima, na sauti ya sekunde 30 kwa Kiswahili kwa ajili ya redio. Sauti hiyo usiisahau. Tumeona mafurushi yenye picha hamsini na hakuna hata kipande kimoja cha kusikiliza, katika eneo ambalo redio bado inafika pasipofika kitu kingine.

Ukumbini weka intaneti mbili za kampuni tofauti, jenereta iliyojaribiwa ikiwa na mzigo (si kuwashwa tu), na video yenu ya maelezo iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Matangazo ya mtandaoni huchelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo mwambie mhandisi mwenye simu masikioni asishangilie kabla ya skrini.

Mwisho: lichunguze neno "ya kwanza". Taifa-1 ilipoitwa setelaiti ya kwanza ya Kenya, waliokumbuka 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tarehe 11 Mei 2018, walisahihisha mara moja. Taifa-1 ilikuwa ya kwanza ya kuifanyia dunia uchunguzi kwa kazi za kila siku. Sentensi hiyo ni ndefu zaidi, lakini haina mtu wa kuipinga.

Niliandikisha jina la binti yangu liende Mirihi na chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, akapewa tiketi ya kuchapisha. Mume wangu anasema ni ujanja wa matangazo. Nani mkweli?
*Mama Neema, Arusha*

Wote wawili, Mama Neema. Ikiwa ni ile safari ya Perseverance, majina 10,932,295 yalichorwa kwa mwale wa elektroni kwenye vipande vitatu vya silikoni vyenye ukubwa wa kucha, vikafungwa kwenye chombo kilichotua Mirihi tarehe 18 Februari 2021. Jina lipo kule. Na ni matangazo pia, tena ya bei nafuu mno: gramu chache za mzigo, na watu karibu milioni 11 wenye sababu yao wenyewe ya kufuatilia siku ya kutua. Jina la chombo nalo lilitoka kwa mwanafunzi, katika shindano lililoletewa maandiko 28,000 hivi. Tunachowalaumu waandaaji wengi wanaoiga mbinu hii ni kukusanya majina halafu kunyamaza. Aliyejiandikisha aletewe habari chombo kikiondoka, kikifika, na kikikwama.

Babu yangu alikuwa akisimulia kituo cha Wamarekani pale Tunguu, akisema watu walikiogopa kuwa ni cha mabomu. Kilikuwa cha nini hasa?
*Msomaji, Unguja*

Kilikuwa kituo cha kusikiliza, na kisa chake ni somo zuri la uhusiano wa umma kufeli. Katika mradi wa Mercury, yaani safari za kwanza za Wamarekani angani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, NASA ilihitaji mnyororo wa vituo kuizunguka dunia ili isipoteze mawasiliano na mwanaanga kwa muda mrefu. Baada ya Kano, Nigeria, pete iliyofuata ya mnyororo ilikuwa Zanzibar, kisha meli Bahari ya Hindi, kisha Australia. Kituo kilipokea takwimu za chombo na za mwili wa mwanaanga na kuzungumza naye kwa redio. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sauti alizozungumza nazo. Hapakuwa na roketi hata moja.

Kwa nini basi hofu ile? Tazama mambo yalivyopangwa. Makubaliano yalifungwa kati ya London na Washington, Zanzibar ikiwa chini ya ulinzi wa Uingereza, katika miaka ambayo siasa za visiwa zilikuwa zikichemka kuelekea uhuru. Mzanzibari aliona uzio, minara na wageni. Maelezo yalikuja kwa lugha na kwa mikono ya serikali ambayo tayari hakuiamini. Wanasiasa wapinzani na vijana wakasema ni kituo cha makombora, na hoja hiyo ilikuwa rahisi kueleweka kuliko neno "telemetria", yaani vipimo vinavyotumwa kwa redio. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Karume ilitaka kiondolewe, na Aprili mwaka huohuo kilikuwa kimekwisha. Kazi ikahamishiwa Madagaska.

Hatusemi maelezo mazuri yangeokoa kituo hicho; vita baridi ilikuwa na uzito wake. Lakini kituo kinachosikiliza ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukifungua. Spika moja nje ya uzio, watu wasikie sauti ya mwanaanga akipita juu ya Unguja, ingefanya kazi kuliko taarifa kumi za serikali. Warusi walilijua hilo tangu 1957: setelaiti yao Sputnik ilitoa mlio wake kwenye megahezi 20.005 na 40.002, mawimbi ambayo mwenye redio ya masafa mafupi nyumbani aliweza kuyanasa mwenyewe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa aamini.

Kwa nini watu walichoka haraka hivyo na safari za Mwezini? Apollo 11 dunia nzima ilitazama, miaka mitatu baadaye kila kitu kikafungwa.
*Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Dar es Salaam*

Kwanza tuondoe dhana moja. Wamarekani hawakuwa wote nyuma ya Apollo. Katika kura za maoni za miaka ya 1960, ukiacha kipindi cha Apollo 11 chenyewe, walio wengi hawakuona kwamba matokeo yanastahili gharama. Bajeti ya NASA ilifika kileleni mwaka 1966, asilimia 4.4 hivi ya matumizi yote ya serikali kuu, ikaanza kushuka miaka mitatu kabla ya mtu kukanyaga Mwezi. Hamasa ya umma haikuujenga mradi. Ushindani na Urusi ndio ulioujenga. Kazi ya uhusiano ilikuwa kuupa mradi macho na masikio, na hapo walifanya vizuri kuliko walivyosifiwa.

Chukua kamera ya Apollo 11. Ndani ya NASA wapo walioiona kuwa uzito usio na kazi, na mkuu wa mawasiliano, Julian Scheer, alikuwa miongoni mwa waliosimama kidete kwamba lazima iende. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.3 na ilitumia wati 7. Ilipiga picha 10 kwa sekunde zenye mistari 320, muundo ambao hakuna televisheni ya nyumbani iliyouelewa, kwa hiyo vituo vya Goldstone na Australia viliweka kamera ya kawaida mbele ya skrini maalumu na kuipiga picha ile picha. Ndiyo maana tuliona vivuli. Kamera ilifungwa kichwa chini ndani ya chombo, na sekunde za kwanza dunia iliona Mwezi juu na mbingu chini hadi fundi alipogeuza swichi. Mambo hayo yote yalipangwa kwa ajili ya mtazamaji, si kwa ajili ya kutua.

Sasa tazama Apollo 12, Novemba 1969. Safari hii kamera ilikuwa ya rangi. Mapema katika matembezi ya kwanza mwanaanga Alan Bean aliielekeza kwenye Jua bila kukusudia, ikaungua ndani, na hapakuwa na ya akiba juu ya Mwezi. Vituo vya televisheni vilibaki na sauti tu, vikaigiza. Watazamaji wakaondoka, na tunaamini wengi hawakurudi. Aprili 1970, wanaanga wa Apollo 13 walirusha matangazo yao kutoka njiani na hakuna mtandao mkubwa wa televisheni uliyoyaonyesha moja kwa moja. Dakika chache baadaye tangi la oksijeni lililipuka, na ghafla kila mtu akataka kujua.

Somo ambalo wengi huchukua hapo ni kwamba watu wanapenda hatari. Sisi tunaona tofauti. Apollo 13 ilikuwa na swali ambalo jibu lake halijulikani. Apollo 12 iliuzwa kama marudio ya 11, ingawa ilitua kwa usahihi wa ajabu, karibu mita 160 kutoka chombo cha Surveyor 3 kilichokuwa pale tangu 1967. Swali la "wataweza kutua karibu nacho?" lingeshika watu vizuri. Halikupewa nafasi ya mbele.

Afisa akiulizwa "kwa nini setelaiti wakati watu wana njaa", ajibu nini?
*Msomaji, Kampala*

Asijibu kwa orodha ya uvumbuzi unaodaiwa kuletwa na safari za anga. Orodha hizo zina sumu: Teflon ilipatikana maabara ya DuPont mwaka 1938, Velcro ni ya mhandisi Mswisi, na kinywaji cha Tang kilikuwa dukani kabla ya wanaanga kukinywa. Mtu akigundua moja si kweli, anatupa zote.

Ajibu kwa bei na kwa kazi. Taifa-1 ilitajwa kugharimu shilingi milioni 50 za Kenya. Taja kiasi, taja nani amelipa, taja picha zitamfikia nani na lini, na taja kisichowezekana: setelaiti moja ndogo haipiti juu ya shamba kila saa, na mawingu yakitanda kamera haioni kitu. Muulizaji hana ubaya. Ana haki ya kuuliza, na mara nyingi ndiye anayesoma taarifa yako hadi mwisho.

Na tukifeli? Wakubwa wangu wanasema tusiandae taarifa ya kufeli kwa sababu "ni kujitabiria mabaya".
*Jina tumelihifadhi*

Iandae. Ziandae tatu: roketi imeharibika, imeruka lakini setelaiti haijaachiliwa, imeachiliwa lakini haisikiki. Kila moja aya mbili, imeshapitishwa na mkuu, na nafasi wazi ya saa na jina la msemaji. Siku ya tukio hakuna atakayekuwa na akili ya kuandika, wala mkuu wa kupitisha hatapatikana.

Chombo cha NASA kiitwacho Challenger kilipopasuka sekunde 73 baada ya kuruka, tarehe 28 Januari 1986, watoto wengi wa shule walikuwa wakitazama, kwa kuwa mwalimu Christa McAuliffe alikuwa ndani. Msemaji wa urukaji alisema kilichoonekana kwenye vipimo, kwa utulivu, na hilo alilifanya sawa. Kisha yakapita masaa karibu matano kabla ya NASA kukutana na waandishi. Pengo hilo lilijazwa na kukisia, na taasisi iliyojulikana kwa uwazi ikaanza kuonekana yenye kuficha. Chombo kingine cha NASA, Columbia, kilipopotea tarehe 1 Februari 2003, wahandisi walikaa mbele ya waandishi siku ileile, wakaeleza vipimo vipi vilikatika na kwa mpangilio gani, na wakasema wazi wasichokijua. Msiba ulikuwa uleule wa watu saba.

India nayo: chombo cha kutua Mwezini cha safari ya Chandrayaan-2 kilipotea kikitua Septemba 2019, mbele ya kamera na mbele ya Waziri Mkuu. Hawakuzima matangazo safari iliyofuata. Tarehe 23 Agosti 2023 Chandrayaan-3 ilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, na zaidi ya watu milioni 8 walikuwa wakitazama kwa wakati mmoja kwenye YouTube ya shirika lao.

Nina klabu ya sayansi, wanafunzi 40, hatuna darubini. Tunaishi karibu na Malindi na wanafunzi wanajua mitambo ya Ngomeni kwa jina tu. Nifanye nini cha kuwashika?
*Mwalimu, Malindi*

Mwalimu, una utajiri mlangoni. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 setelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya angani peke yake. Ilikuwa siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, na ikapewa jina *Uhuru*. Jina hilo limo katika vitabu vya elimu ya anga mpaka leo. Orodha yake ina vyanzo 339, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hakuna bajeti ya matangazo inayonunua jina kama hilo. Anzia hapo, kisha uwapeleke ufukweni waoneshwe jukwaa lilipo.

Darubini haihitajiki kuona Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Hupita kilomita 400 juu, huonekana kama nyota inayotembea bila kumetameta, kabla ya mapambazuko au baada ya magharibi, kwa dakika nne hadi sita. Huduma ya NASA iitwayo Spot the Station hutoa saa na upande wa mbingu kwa mji wako. Chagua mapito yanayopanda zaidi ya nyuzi 40 juu ya upeo. Ya chini humezwa na minazi na taa. Waite wazazi dakika kumi kabla. Usiseme "tutaona", sema "mbingu ikiwa safi".

Hatua ya pili ni kusikiliza. Wanaanga huzungumza na shule kupitia mpango wa ARISS, kwenye megahezi 145.800, na kipokezi kidogo cha mkononi kinatosha kusikia kituo kikiwa juu yenu. Mawimbi husogea kiasi cha kilohezi 3.5 kikija na kikiondoka, kwa hiyo sauti ikikwaruza, sogeza namba kidogo.

Kuomba mazungumzo ya shule yenu ni kazi ya miezi, na maombi hupokelewa kwa vipindi. Mtahitaji opereta wa redio mwenye leseni, au mtaunganishwa kwa simu kupitia kituo cha nchi nyingine. Muda ni dakika kumi hivi. Andaa maswali 20, kila moja lisizidi sekunde saba, wanafunzi wamepanga foleni kwa namba, na kila mmoja amalize kwa neno "over" kwa sababu upande wa pili haumwoni akifunga mdomo. Maswali 15 yakijibiwa mmefanya vizuri. Waliobaki watano wawe wameambiwa tangu mwanzo kwamba huenda zamu isiwafikie, na majibu yao muyatafute pamoja wiki inayofuata.